Aliyekosa kliniki ndiye wa kutafutwa

Mtu wa Kanyenye aliyepangiwa kliniki ya afya ya akili ana nafuu ambayo wenzake wengi wa Mkoa wa Tabora hawana. Kanyenye ni kata ya katikati ya mji. Kitete, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, iko mjini humo humo, na safari ya kwenda kuchomwa sindano haimlazimu kulala njiani wala kuuza kuku apate nauli. Mwenzake wa Kaliua, au wa vijiji vya ndani vya Sikonge, huamka usiku wa manane kuwahi gari, na mara nyingi hawezi kwenda peke yake, kwa hiyo nauli ni ya watu wawili, kwenda na kurudi. Mkoa huu ndio mkubwa kuliko yote Tanzania kwa eneo, zaidi ya kilomita za mraba 76,000, na Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta humo watu zaidi ya milioni 3.3.

Hata hivyo wa Kanyenye naye hukosa. Daftari linasema Jumanne. Jumanne inafika, inapita, na nyumbani ama hakuna aliyekumbuka, ama wote wamekumbuka na kila mmoja akasubiri mwingine aseme. Kama umbali ungekuwa ndiyo sababu pekee ya wagonjwa wa akili kukosa kliniki, wakazi wa katikati ya mji wangekuwa wanafika wote. Hawafiki wote, hapa wala mahali pengine popote duniani, na sababu zao ndizo zinazostahili kusikilizwa kwanza, maana haziondolewi kwa kujenga barabara.

Mwaka 2007 madaktari wawili wa Uingereza, Alex Mitchell na Thomas Selmes, walipitia yaliyojulikana kuhusu jambo hili wakaandika kwamba wagonjwa wa akili hukosa takriban miadi 1 kati ya 5, karibu mara mbili ya wagonjwa wa idara nyingine. Hiyo ni nchi yenye posta inayofika mlangoni na basi linalopita kwa ratiba. Lakini kuna utafiti mwingine, uliotangulia kidogo, ambao kwangu una uzito zaidi. Mwaka 2000 Helen Killaspy na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa wa London waliofika kliniki na wale wasiofika. Wagonjwa wa zamani waliokosa tarehe zao ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi kuliko wenzao waliohudhuria, na ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kulazwa ndani ya mwaka uliofuata.

Tafakari maana yake kwa kliniki ya kwetu. Saa 2 asubuhi benchi limejaa, muuguzi mmoja anahangaika na mafaili, daktari au tabibu ana watu wa kumtosha hadi alasiri. Asiyekuja anaonekana kama amempunguzia mtu kazi. Kumbe yule ambaye jina lake halikuitikiwa ndiye aliyekuwa na haja kubwa kuliko nusu ya waliokaa pale. Kliniki inawahesabu waliofika, inaandika idadi yao katika taarifa ya mwezi, na aliyezidiwa kuliko wote haonekani katika karatasi yoyote.

Wiki zile za neema

Ili kuelewa kwa nini familia yenye akili timamu, yenye mapenzi na mtoto wao, inaweza kuiacha tarehe ipite, sharti uelewe jinsi dawa inavyotoka mwilini.

Wagonjwa wengi wanaosumbuliwa na kusikia sauti au kushikwa na dhana za kuandamwa hupewa sindano ambayo watu wamezoea kuiita sindano ya mwezi. Mara nyingi ni flufenazini iliyochanganywa na mafuta. Inachomwa kwenye msuli wa tako, inakaa humo, inajipenyeza kwenye damu kidogo kidogo, na kwa kawaida hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4. Ni dawa yenye manufaa makubwa kwa mtu ambaye vidonge humtoka akilini au humchosha. Lakini ina jambo moja linalowapotosha wengi.

Tuseme kijana wa miaka 24 alitakiwa kuchomwa Jumanne, hakwenda. Jumatano anaamka mzima. Wiki inayofuata ni mzima zaidi: ile mikono iliyokuwa ikitetemeka imetulia, shingo iliyokuwa imekaza imelegea, mate hayamtoki tena, usingizi wa mchana umekatika. Anakaa kijiweni na wenzake, anacheka, anasaidia kubeba mizigo sokoni, jioni analeta pesa kidogo nyumbani. Mama yake anamtazama na kumshukuru Mungu. Jirani anasema wazi alichokuwa akikisema pembeni: si unaona, ni zile dawa zilizokuwa zinammaliza! Dawa bado imo mwilini ikifanya kazi yake, maudhi yake tu ndiyo yamepungua, lakini nani nyumbani angejua? Kwa macho ya kila mtu, kijana ameacha dawa na amepona.

Kisha, baada ya wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, usingizi wa usiku unaanza kupungua. Anazungukazunguka uani saa 9 za usiku. Anakataa chakula kilichopikwa na mtu fulani. Anazima redio kwa sababu inamsema. Kwa kuwa muda mrefu umepita tangu ile Jumanne, hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili. Watu wanatafuta lililotokea juzi: amegombana na nani, amekula wapi, amepita njia gani. Wakati mwingine wanasema malaria imempanda kichwani.

Stefan Leucht na wenzake walikusanya tafiti 65 zenye wagonjwa 6,493 na kuchapisha hesabu yao katika jarida la Lancet mwaka 2012. Kati ya waliositishiwa dawa na kupewa kidonge kitupu, 64 kwa kila 100 ugonjwa uliwarudia ndani ya mwaka mmoja. Kati ya walioendelea na dawa, ni 27 kwa 100. Tofauti hiyo ni kubwa, na bado inaacha nafasi ya yale tunayoyaona mitaani. Wapo wanaotumia dawa vizuri na ugonjwa ukawarudia, na wapo walioacha na mwaka ukaisha salama. Kila mtaa una mtu wa aina hiyo ya pili, na ndiye anayetolewa mfano. Muuguzi anayeiambia familia kwamba kuacha dawa ni balaa la moja kwa moja atapingwa na mfano ulio hai, anayepita barabarani kila siku. Heri awaambie ukweli wote: kwamba hatari ni kubwa, kwamba haiji kesho yake, na kwamba zile wiki nzuri za mwanzo ni sehemu ya hatari yenyewe.

Kifafa kina mwendo wake tofauti, na nchini kwetu wagonjwa wa kifafa wengi huhudumiwa katika kliniki hizi hizi za akili. Mtu anayetumia fenobabitoni akikatiza ghafla, degedege linaweza kumrudia ndani ya siku chache, tena mfululizo, na mara nyingi jiko la mkaa haliko mbali. Kwake wiki za neema hazipo. Hivyo rejista moja ya kliniki ina watu ambao wakikosa utasikia baada ya miezi, na watu ambao wakikosa unapaswa kuwa umeshapiga simu kesho yake asubuhi.

Kupelekwa na kurudi

Mfumo wetu wa tiba ya akili haukuanza kwa watu kurudi kliniki. Ulianza kwa watu kupelekwa. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa kutoka biashara ile ya utumwa ambayo njia yake kuu mojawapo ilipita hapa Tabora. Mwaka 1904 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ilifunguliwa mwaka 1927, na Dodoma iko juu ya Reli ya Kati, reli ambayo ilikuwa imefika Tabora tangu mwaka 1912. Kwa vizazi kadhaa, kuugua akili kwa kiasi cha kuwashinda ndugu kulimaanisha safari ya mbali, na jina la Mirembe likageuka kuwa tusi ambalo watoto hutukanana nalo mpaka leo, bila kosa lolote la wauguzi waliofanya kazi pale kwa miaka mingi.

Katika mfumo wa kupelekwa, hakuna anayekosa miadi. Mgonjwa yumo ndani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, Tanzania ilijaribu njia nyingine katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro: kumtibu mtu karibu na kwao, katika vituo vya kawaida, akiwa analala kwake. Huo ulikuwa uamuzi wa utu, na ulikuwa wa mapema kuliko wa nchi nyingi. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 nayo inazungumza lugha ya kumhudumia mtu ndani ya jamii yake. Lakini mzigo wa kurudi ulihamishiwa kwa familia bila kuhamisha pia vyombo vya kuisaidia: rejista ya miadi, simu ya kliniki, mtu wa kwenda kugonga hodi.

Mfano wa jinsi inavyoweza kufanyika upo hapa hapa nchini, na ni wa zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, huko Ulanga, mahali ambapo wenye kifafa walikuwa wakitengwa hata katika kula. Dawa yake kuu ilikuwa hiyo hiyo fenobabitoni, ya bei nafuu. Watu waliteremka na kupanda milima kuifuata kwa sababu waliiona ikifanya kazi na kwa sababu waliwakuta pale watu wasiowaogopa.

Tarehe isiyojua mvua

Wasafiri wa Kizungu Richard Burton na John Speke walifika Tabora, wakati huo ikiitwa Kazeh, Novemba 7, 1857. Wapagazi wao wa Kinyamwezi walitua mizigo wakaenda kwao, na wageni hao wakakaa wiki kadhaa wakihangaika kupata wapagazi wapya. Mvua zilikuwa zimekaribia, na Mnyamwezi aliyebeba pembe hadi pwani alikuwa mkulima kabla ya kuwa mpagazi. Misafara ya nchi hii ilifuata jembe. Mwarabu, Mhindi na Mzungu waliolijua hilo walipanga safari zao vizuri, na waliolipuuza waliandika vitabuni kwamba Waafrika si watu wa kutegemewa.

Naikumbuka habari hiyo kila nikiona daftari la mgonjwa lililoandikwa tarehe ya kurudi katikati ya Desemba. Mvua za Tabora huanza karibu na Novemba na kwenda hadi Aprili. Tumbaku, ambayo familia nyingi za Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui zinaitegemea, ina vitalu vyake kabla ya mvua, upandaji wake mvua zikianza, na kuanzia Februari kuna kuchuma na kukausha, kazi inayotaka watu usiku na mchana kwa sababu moto wa bani hauachwi peke yake. Na wa mjini wasijidanganye kwamba hayawahusu, maana watu wa Kanyenye nao wana mashamba nje ya mji, na msimu ukifika nyumba hubaki na bibi na wajukuu. Kuandika Desemba 14 bila kuuliza “utakuwa wapi siku hiyo?” ni kuandika tarehe ambayo pande zote mbili zinajua haitatimizwa. Mgonjwa hatasema. Ataitikia “sawa daktari”, atalifunga daftari kwenye mfuko wa plastiki, na ataondoka.

Kalenda si ya shamba tu. Mwezi wa Ramadhani, katika mji wenye Waislamu wengi kama huu, mtu anayemeza vidonge asubuhi, mchana na jioni hujikuta na maswali ambayo hayaulizi kliniki kwa kuona haya. Wengi huacha dawa mwezi mzima, kisha huona aibu kurudi baada ya Idi. Jambo hilo lina ufumbuzi mwepesi likizungumzwa mapema: vidonge vingi vinaweza kuhamishiwa futari na daku kwa ushauri wa tabibu, na masheikh wengi wanaona kwamba sindano ya matibabu isiyo ya lishe haimfunguzi mtu. Imamu wa msikiti akilisema mara moja baada ya swala ya Ijumaa, kabla ya mwezi kuandama, anaokoa sindano ambazo hakuna tangazo la redio lingeziokoa.

Kisha wapo waliokwenda kwingine. Mdimu Ngoma na wenzake, katika utafiti wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2003, walikuta kwamba matatizo ya kawaida ya akili, kama sonona na wasiwasi, yalikuwa kwa 48 kati ya kila 100 waliokwenda kwa waganga wa jadi, na kwa 24 kati ya kila 100 waliokwenda vituo vya afya. Kwa maneno mengine, aliyekosa kliniki huenda yuko kwa mfumu, yaani mganga wa jadi, au kwenye maombi ya usiku kucha, wala hajakaa tu. Tiba asili ni sehemu ya maisha halali ya nchi hii na ina sheria yake tangu mwaka 2002. Mtu akijua kwamba akitaja mganga atakaripiwa, atanyamaza, na akiambiwa na upande mmoja achague, atachagua upande usiomkaripia. Sioni ubaya wa muuguzi kusema: nenda huko unakokwenda, ila sindano yako usiiache, na wakikufunga kamba au wakikunyima chakula uniambie.

Maneno mawili dirishani

Nimesikia kauli za aina mbili anapofika mtu aliyechelewa. Ya kwanza inajulikana na kila mwenye ndugu anayetibiwa:

“Tarehe yako ilikuwa lini? Ulikuwa wapi wiki zote hizi? Nyie ndio mnatuharibia kazi. Kaa kule, utaitwa mwisho.”

Mama aliyeambiwa hivyo mbele ya watu 40, ameshika mkono wa mtoto ambaye imemchukua asubuhi nzima kumshawishi atoke nyumbani, atakumbuka. Akichelewa tena, hata kwa siku 2, atahesabu aibu kwanza, nauli baadaye.

Kauli ya pili haichukui muda mrefu zaidi:

“Shikamoo mama. Afadhali mmekuja. Kumbe mlikwama?”

“Marahaba mwanangu. Tulikuwa shamba. Halafu na yeye alisema zile dawa zinamkaza shingo, hataki.”

“Basi leo tuanze na hiyo shingo.”

Katika maneno hayo machache muuguzi amepata sababu mbili za kukosa, na mojawapo ina dawa kabatini. Kukaza kwa shingo, kutetemeka na kukakamaa hutokana na dawa zenyewe na mara nyingi hutulizwa kwa kupunguza kipimo au kwa vidonge ambavyo wengi wanavijua kwa jina la Artane. Mgonjwa aliyepatiwa nafuu ya shingo ana sababu ya kurudi. Aliyefokewa hana.

Siandiki haya kuwalaumu wauguzi. Madaktari bingwa wa akili nchini hawafikii hata mmoja kwa kila watu milioni moja, na kliniki nyingi zinashikiliwa na muuguzi ambaye siku hiyo hiyo ana wodi nyingine. Wapo wanaotumia vocha zao wenyewe kuwapigia wagonjwa, na hilo ni jambo la kuheshimiwa na la kusikitisha kwa wakati mmoja. Ninachosema ni kwamba huruma ya mtu mmoja haiwezi kuwa ndiyo mfumo.

Na mfumo tunao, tena katika jengo la jirani. Kliniki ya VVU, CTC, ina rejista ya miadi. Asiyefika anaonekana jioni ile ile, anapigiwa, na asipopatikana mhudumu wa jamii au mgonjwa mwenzake anayefahamu njia humfuata nyumbani kwa siri na kwa heshima. Aliyetulia na dawa hupewa za miezi kadhaa ili asisumbuke kila mwezi. Nchi hii imejifunza kufanya hivyo kwa mamia ya maelfu ya watu, wakiwa na ugonjwa ambao nao ulikuwa na aibu nyingi. Muuguzi wa kliniki ya akili, milango michache kutoka hapo, hana daftari la namna hiyo wala simu ya ofisi. Tofauti hiyo haitokani na ugumu wa kazi. Inatokana na kwamba hakuna aliyewahi kuulizwa, katika kikao chochote cha tathmini, wagonjwa wangapi wa akili wamepotea mwaka huu.

Somo zuri kuhusu simu linatoka Kenya, na limeandikwa kwa Kiswahili. Kati ya mwaka 2007 na 2008, katika utafiti ulioongozwa na Richard Lester na kuchapishwa kwenye Lancet mwaka 2010, wagonjwa walioanza dawa za VVU walitumiwa kila wiki ujumbe wa neno moja: “Mambo?” Walitakiwa kujibu ndani ya siku 2, “Sawa” au “Shida”. Aliyejibu shida, au asiyejibu, alipigiwa na muuguzi. Washiriki walikuwa 538. Katika waliopata ujumbe, 62 kwa 100 walishika dawa zao vizuri, dhidi ya 50 kwa 100 katika wasioupata.

Ujumbe ule haukutaja ugonjwa, dawa wala hospitali, hivyo simu iliyoazimwa na shemeji au kusomwa na mpangaji mwenza haikumwaibisha mtu. Kwa ugonjwa wa akili jambo hilo ni la lazima: ujumbe usemao “kliniki ya akili inakukumbusha” unaweza kumvunjia msichana uchumba. Tena kilichofanya kazi hakikuwa mashine. Mashine iliuliza, na binadamu akapiga simu. Kliniki nne za afya ya akili za London zilipoanza kutuma ujumbe wa kukumbusha, miadi iliyokosekana ilishuka kutoka 36 kwa 100 mwaka 2008 hadi 26 mwaka 2009, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2012. Ni punguzo la maana, na bado zaidi ya robo hawakufika. Hao ndio wanaohitaji sauti ya mtu.

Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga kuwapata zaidi ya 137,000 katika miaka 5. Wanapoandaliwa kufuatilia wajawazito, kifua kikuu na lishe ya watoto, afya ya akili isiwe mstari wa mwisho wa mtaala. Mhudumu wa mtaa wa Kanyenye anajua kila uchochoro, anajua nani amehamia kwa dada yake Isevya na nani amepelekwa shamba. Akipewa majina matatu kila Ijumaa, kwa ridhaa waliyoitoa wagonjwa wenyewe tangu siku ya kwanza, kazi kubwa imekwisha. Ridhaa hiyo ni muhimu. Kumfuata mtu nyumbani bila kumuuliza mapema ni kumtangaza mtaa mzima. Kliniki imuulize kila mgonjwa akiwa ametulia: ukikosa, tumpigie nani, na tuje au tusije?

Familia nayo iingizwe ndani ya chumba, isiachwe kwenye benchi la nje. Jaribio la KUPAA, kifupi cha Kuwezeshana Kupata Uzima, lililofanywa Dar es Salaam na Mbeya na watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Muhimbili, liliwakalisha pamoja mgonjwa na ndugu yake wakajifunza ugonjwa na matibabu kwa vikao. Hapo ndipo pa kuzielezea zile wiki za neema, ili jirani akisema kijana amepona bila dawa, mama awe na jibu lake.

Na dawa ziwepo. Sera ya uchangiaji inawaweka wenye magonjwa ya akili ya muda mrefu kwenye msamaha, lakini msamaha wa dawa isiyokuwepo ni karatasi tu. Mtu akitumia nauli mara mbili na mara zote akaambiwa akanunue dukani, mara ya tatu akibaki nyumbani tusimwandike kuwa amekosa miadi. Aliyekosa ni aliyemwita.

Kwa mwenye mgonjwa nyumbani anayesoma haya wikendi hii, na tarehe imeshapita: nendeni Jumatatu, msisubiri mwezi ujao wala siku ya kliniki iliyo mbali. Bebeni daftari la zamani na pakiti za dawa hata kama ni tupu. Msimrudishie mgonjwa vidonge vya zamani kwa kipimo kile kile kama ameviacha kwa wiki nyingi, ila tabibu aseme aanzie wapi. Kama ni kifafa na amekosa dawa, nendeni leo. Kama hataki kutoka nyumbani, aende ndugu peke yake akaeleze hali, na aache namba ya simu inayopatikana. Kama nauli ndiyo tatizo, au mmeambiwa mlipe, mwulizeni afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Na kabla ya kuondoka, tarehe mpya ikiandikwa, itazameni pale pale dirishani, na kama inaangukia siku za shamba au za safari, semeni ibadilishwe kabla wino haujakauka.